Ng'ombe wagoma kunywa, nyuki wahama: je, ni mionzi ya mnara?

Swali la leo limetoka kwa mfugaji mmoja wa Njombe. Anasema tangu kampuni ya simu isimamishe mnara kwenye shamba la jirani, kama mita mia moja kutoka bandani kwake, mambo hayajakaa sawa. Ng'ombe wake wa maziwa wanafika kwenye hori la maji, wanalamba kidogo, wanarudi nyuma, na maziwa yamepungua. Kuku wa mayai walianza vizuri, kisha utagaji ukaporomoka ghafla. Mizinga miwili imebaki mitupu. Majirani wanamwambia ni mionzi. Fundi wa mnara kamwambia hayo ni maneno ya mtaani. "Daktari, niambie ukweli: haya mawimbi yanadhuru wanyama au hayadhuru? Na mimi nifanye nini?"

Mama, pole sana. Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Kwa umbali uliotaja, mawimbi ya mnara hayana nguvu ya kumfanya ng'ombe aogope maji. Lakini mnara haukuja na mawimbi peke yake. Umekuja na waya wa umeme, ethi (waya unaozikwa kuuingiza umeme ardhini), jenereta, taa za ulinzi, na huenda kuna miti iliyokatwa ili kupisha njia. Ningekuwa hapo kwako ningeanza na lile hori la maji, kipima volti mkononi. Na huyo fundi naye amekurahisishia mno, kwa sababu zipo tafiti za kweli, zilizofanywa na watu makini, zinazoonyesha wanyama wakiathirika na mawimbi ya redio. Kazi ni kujua ni wanyama gani, mawimbi ya masafa gani, na kwa kiasi gani.

Nianze na kiasi, maana hapo ndipo mazungumzo mengi ya mtaani yanapopotea njia. Mawimbi ya simu ni ya ukoo mmoja na mwanga na mawimbi ya redio ya kawaida. Nishati ya chembe moja ya wimbi la megahezi 900 ni ndogo mara zaidi ya milioni moja kuliko ile inayotakiwa kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Ndiyo maana huitwa mionzi isiyoayonisha, tofauti na eksirei. Haivunji vinasaba kwa kuvigonga. Inachofanya bila ubishi ni kupasha joto, kwa kuzitikisa molekuli za maji mwilini.

Tunajua joto hilo linaanza kusumbua wapi. Katika majaribio ya maabara, panya na nyani walifundishwa kubonyeza kitufe ili wapate chakula, kisha wakawekwa kwenye mawimbi. Mwili ulipofikia kufyonza wati 4 kwa kila kilo, joto la mwili lilipanda kama nyuzi moja ya Selsiasi, na wanyama wakaanza kulegea na kuacha kazi. Hicho ndicho kizingiti ambacho ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha, ilikitumia kupanga viwango vyake. Walikigawa kwa 10 kupata kiwango cha wafanyakazi, wati 0.4 kwa kilo, na kwa 50 kupata kiwango cha raia wa kawaida, wati 0.08 kwa kilo. Ukipima hewani, kwa megahezi 900 hiyo ni wati 4.5 kwa kila mita ya mraba. Viwango hivyo viliwekwa kwa ajili ya binadamu. Ng'ombe, kuku na nyuki hawamo, na hilo ni pengo la kweli ambalo wanaoutetea mnara hawapendi kulitaja.

Sasa tuufikirie mnara wako. Tuseme antena moja inarusha, kuelekea upande wake, nguvu inayolingana na wati 1,000. Kwa umbali wa mita 100, hata ukisimama katikati kabisa ya mwelekeo wake, utapata kama wati 0.008 kwa mita ya mraba. Hiyo ni zaidi ya mara 500 chini ya kiwango cha raia. Kwa mwili wa ukubwa wa mtu, kinachofyonzwa hakifiki hata wati 0.0002 kwa kilo. Kuku ana hali yake: kiumbe hufyonza zaidi pale urefu wa mwili wake unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi, na wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33. Basi kwa kuku zidisha mara kumi. Bado uko mbali sana na mahali ambapo joto linahusika. Na antena za mnara humulika kama tochi iliyoinamishwa kidogo. Mwanga wake mkali hupita juu ya vichwa na kugusa ardhi mbele zaidi, kwa hiyo chini ya mnara penyewe mara nyingi ndipo palipo hafifu. Simu uliyoiweka mfukoni ukikamua inakupa wewe mawimbi mengi kuliko mnara unavyompa ng'ombe unayemkamua.

Wapo watakaokuambia kwamba joto si hadithi yote, kwamba kuna madhara hata pasipo joto. Hoja hiyo haistahili kudharauliwa. Jaribio kubwa kuliko yote lililowahi kuigusa lilifanywa Marekani na mpango wa taifa wa utafiti wa sumu, NTP, na ripoti zake za mwisho zilitoka Novemba 2018. Liligharimu karibu dola milioni 30. Panya wakubwa wa maabara waliwekwa kwenye vyumba maalumu vya chuma ambamo mawimbi ya megahezi 900 yalizunguka kila upande. Walianza kupigwa na mawimbi wakiwa bado matumboni mwa mama zao, wakaendelea kwa takriban miaka miwili. Kila siku walipata zaidi ya saa tisa, dakika kumi yakiwashwa, dakika kumi yakizimwa. Makundi yalipewa wati 1.5, 3 na 6 kwa kilo, mwili mzima. Kile cha juu ni mara 75 ya kiwango cha raia.

Walichokikuta kinahitaji kusomwa taratibu. Miongoni mwa panya dume walionyimwa mawimbi, 90 kwa idadi, hakuna aliyepata uvimbe wa moyo unaoanzia kwenye seli zinazofunika neva. Kwenye kundi la wati 6 walipata 5 kati ya 90 kwa aina moja ya mawimbi ya simu, na 6 kati ya 90 kwa aina nyingine. NTP wakaandika kwamba huo ni ushahidi wa wazi. Kwa uvimbe wa ubongo wakasema upo ushahidi kiasi. Majike hayakuonyesha jambo hilo waziwazi. Panya wadogo, waliopimwa kwa megahezi 1900 hadi wati 10 kwa kilo, nao hawakuonyesha.

Kisha kuna jambo ambalo magazeti mengi yaliliruka: panya dume waliopata mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wasiopata. Katika kundi lisilo na mawimbi, asilimia 28 tu ndio waliofika mwisho wa jaribio. Kwenye makundi yenye mawimbi walifika karibu nusu na zaidi. Wale wa kundi la kulinganishia walikufa zaidi kwa ugonjwa wa figo unaowapata panya wa aina hiyo wakizeeka. Ukishajua hilo, unaanza kujiuliza kama sehemu ya tofauti ya vivimbe imetokana na kwamba waliopigwa mawimbi walipata muda zaidi wa kuzeeka na kuota vivimbe. Mimi binafsi sidhani hilo linafuta matokeo ya moyo. Lakini mtu anayekutajia vivimbe akaacha kukutajia umri, amekupa nusu ya ripoti.

Mwaka huohuo wa 2018, taasisi ya Ramazzini ya Italia ilitoa matokeo yake, panya zaidi ya 2,400, mawimbi ya gigahezi 1.8 kwa saa 19 kila siku, safari hii kwa viwango vya chini vilivyokusudiwa kuiga vya mnara. Kundi la juu kabisa, volti 50 kwa mita, lilikuwa na madume 207, na watatu walipata uvimbe uleule wa moyo. Katika madume 412 yasiyopata mawimbi hakukuwa na hata mmoja. Watatu ni wachache sana kujengea hoja, ila kuona aina ileile ya uvimbe, mahali palepale, kwa madume tena, kunamfanya mtafiti ainue kichwa. Mwaka 2025 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani yalizikusanya tafiti za saratani kwa wanyama na kuyapa matokeo ya moyo wa panya dume daraja la juu la uhakika. Mapitio mengine ya shirika hilohilo, ya 2024, yalitazama binadamu, na hayakuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Nikurudishe kwenye hori. Kiwango cha chini kabisa walichopewa panya wa NTP, wati 1.5 kwa kilo, ni maelfu ya mara juu ya kile kinachofika bandani kwako. Na hao panya, pamoja na yote hayo, walikula na kunywa miaka miwili mizima.

Tahadhari moja kuhusu tafiti hizi kabla sijaenda mbele, kwa sababu utatumiwa nyingi kwenye makundi ya WhatsApp. Mwaka 1997 kule Australia, watafiti walitangaza kwamba panya wadogo waliobadilishwa vinasaba, wa aina inayopata saratani ya limfu kwa urahisi, waliougua waliongezeka maradufu walipowekwa kwenye mawimbi ya simu: asilimia 43 dhidi ya 22. Dunia ilitetemeka. Mwaka 2002 timu nyingine, Australia hapohapo, ikarudia kwa panya wa aina ileile na kwa mpangilio bora zaidi, na tofauti ikayeyuka. Utafiti mmoja ukikutisha, uliza kama kuna mwingine aliyeurudia.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote hauhusu saratani wala joto. Unahusu ndege.

Katika Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, kikundi cha Henrik Mouritsen kilikuwa kikichunguza jinsi ndege wadogo wa kifua chekundu wanavyosafiri usiku kwa kufuata usumaku wa dunia. Jaribio lenyewe ni rahisi: msimu wa kuhama unamweka ndege ndani ya kizimba chenye umbo la faneli, giza linaingia, na yeye anarukaruka kuelekea upande anaotaka kwenda, akiacha mikwaruzo ukutani. Unasoma mikwaruzo. Sehemu nyingine za dunia jaribio hilo hufanya kazi. Pale chuoni, ndani ya vibanda vya mbao, ndege walirukia kila upande, mwaka baada ya mwaka, na watafiti hawakujua kwa nini. Wakabadilisha chakula, taa, umbo la kizimba. Hakuna kilichosaidia. Mwishowe wakavizungushia vibanda mabati ya alumini na kuyaunganisha na ethi. Ndege wakaanza kuelekea panapostahili. Wakaiondoa ethi, wakapotea tena. Wakairudisha, wakaelekea.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Nature, na yalirudiwa kwa misimu mingi, na watafiti wanaosoma mikwaruzo hawakuambiwa ni kizimba kipi kilikuwa na kinga. Kilichokuwa kinawapoteza ni kelele za mawimbi kati ya kilohezi 50 na megahezi 5, yaani zile zinazotoka kwenye vifaa vya umeme vya kawaida na masafa ya redio za zamani za AM. Nguvu yake ilikuwa ndogo kupita kiasi, chini kabisa ya viwango vyote vinavyokubalika kwa binadamu. Ndege walipopelekwa nje ya mji, waliona njia bila mabati.

Sababu inayopewa uzito zaidi iko ndani ya jicho. Kwenye retina ya ndege hao kuna protini iitwayo kriptokromu. Mwanga ukiigusa, elektroni zinabaki katika jozi ambayo hata usumaku dhaifu wa dunia unaweza kuielekeza, na wimbi dogo la masafa yanayofaa linaweza kuivuruga jozi hiyo bila kupasha joto chochote. Nadharia hiyo inatabiri kwamba kuna masafa ambayo ukiyapita, usumbufu unakoma. Kikundi hichohicho kikaenda kupima: kati ya megahezi 75 na 85 ndege walipotea, kati ya 140 na 150 walielekea vizuri. Kwa hiyo mpaka uko mahali fulani katikati, karibu na pale redio za FM zilipo. Simu zinaanzia mamia ya megahezi, juu kabisa ya mpaka huo.

Nimekaa hapo kwa sababu hapo ndipo hoja ya "mawimbi dhaifu hayafanyi kitu" inapovunjika, na hapohapo ndipo hoja ya "mnara wa simu unaua ndege kwa mionzi" nayo inapokosa mguu. Ndege wa pili waliyemtumia, mdogo wa kijivu mwenye utosi mweusi, ni spishi inayofika hata kwenye misitu yetu ya milimani wakati wa baridi ya Ulaya. Huenda amewahi kupita juu ya banda lako. Minara huwaua ndege kweli, lakini kwa njia nyingine: Marekani na Kanada inakadiriwa ndege wapatao milioni 6.8 hufa kila mwaka kwa kugonga minara na nyaya zake, wengi wao wakivutwa na taa nyekundu zisizopepesa usiku wa ukungu. Ukibadilisha taa hizo ziwe za kuwaka na kuzima, vifo hupungua sana. Ni jambo la balbu.

Nyuki. Hadithi ya kwamba simu zinawamaliza nyuki ilivuma Aprili 2007, gazeti moja la Uingereza lilipounganisha kupotea kwa makundi ya nyuki huko Marekani na utafiti mdogo wa Landau, Ujerumani. Watafiti wale walikuwa wameweka kitako cha simu ya mezani isiyo na waya ndani ya mizinga, chini ya masega, na kuhesabu nyuki wanaorudi. Hawakupima simu za mkononi wala minara, na wenyewe walijitokeza kusema utafiti wao hauhusiani na kilichotokea Marekani. Hakuna aliyewasikiliza. Mwaka 2011 mtafiti wa Uswisi, Daniel Favre, aliweka simu zilizo hewani ndani ya mizinga, na baada ya kama nusu saa nyuki wakaanza kutoa ule mlio mkali wanaoutoa wakisumbuliwa au wakijiandaa kuhama. Hawakuhama. Na kumbuka simu zilikuwa zimelazwa ndani ya mzinga, si mita mia moja mbali.

Utafiti unaokaribia hali yako zaidi ulifanywa kwenye visiwa vya Lesvos na Limnos huko Ugiriki, ukachapishwa 2016. Walihesabu wadudu wachavushaji kwa umbali tofauti kutoka kwenye minara ya simu. Mawimbi yalipoongezeka, mbawakawa, nyigu na nzi wa maua walipungua, nyuki pori wanaotaga ardhini wakaongezeka, vipepeo hawakujali. Ukiuliza maoni yangu, hiyo inaonyesha kitu fulani kinabadilika karibu na minara, na kitu hicho kinaweza kuwa mawimbi, au njia ya gari, au nyasi zilizofyekwa, au ardhi iliyochimbwa.

Kwa wadudu ninachokiangalia zaidi ni yajayo. Mwaka 2018 kikundi cha Arno Thielens kilipiga picha za ndani za nyuki wa asali, nyuki mdogo asiyeuma, mbawakawa na nzige wa jangwani, kisha kikakokotoa kwenye kompyuta wangefyonza kiasi gani cha mawimbi. Nyuki ana urefu wa sentimita moja na kidogo, kwa hiyo wimbi linalomwingia vizuri ni fupi sana, lenye masafa ya juu ya gigahezi 6. Asilimia 10 tu ya nguvu ikihamishiwa huko juu, kiasi anachofyonza mdudu kinaongezeka kuanzia asilimia 3 hadi 370 kutegemea na mdudu. Mitandao tuliyonayo sasa, pamoja na sehemu kubwa ya 5G duniani, bado iko chini ya gigahezi 6. Siku minara itakapopanda huko, swali la nyuki litahitaji kuulizwa upya, na kwa vipimo vya shambani, maana kompyuta haiwezi kutuambia kama mdudu anaumia.

Nyuki wetu wa Afrika ni wepesi kuhama kuliko wa Ulaya. Fungua hiyo mizinga mitupu. Ukikuta masega yamechimbwa mifereji na kufungwa na utando, ni nondo wa nta. Ukikuta vipande vya nyuki chini ya mzinga, fikiria siafu. Mzinga ukiwa umeangushwa au kukwaruzwa, unamjua nyegere. Masega yakiwa safi, makavu, bila asali na bila majana, waliondoka kwa njaa au kwa fujo, na jenereta linalonguruma jirani na kutikisa ardhi usiku kucha ni fujo ya kutosha. Angalia pia kama miti iliyokatwa kupisha mnara ndiyo iliyokuwa ikiwapa maua au kivuli.

Ng'ombe nimewaacha mwisho kwa makusudi. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Schnaitsee, Bavaria, ambako katika miaka ya 1990 kundi la ng'ombe wa maziwa jirani na mnara wa televisheni na redio lilianza kuwa na tabia za ajabu na kutoa maziwa kidogo. Ng'ombe mmoja alihamishiwa zizi la mbali, akapona. Aliporudishwa, dalili zikarudi. Ripoti ya Löscher na Käs ya 1998 inasomeka vizuri, lakini ni shamba moja, na ng'ombe aliyehamishwa hakuhama na kuacha mawimbi tu. Aliacha zizi zima, pamoja na sakafu yake, hori lake na nyaya zake. Uswisi nako, Hässig na wenzake walipima ndama 253 mwaka 2009 wakakuta 79 wana mtoto wa jicho wa viwango mbalimbali, 9 kati yao mkali, na wakaona uhusiano na minara ya karibu. Nafasi ya mnara ilipimwa zaidi kwa umbali kuliko kwa nguvu iliyofika kwenye jicho la ndama, na mtoto wa jicho hafifu hauonekani mpaka uutafute, kwa hiyo ni vigumu kusema ndama wa kawaida wasio na mnara wangekuwa na wangapi. Kama una ndama aliyezaliwa baada ya mnara, mwite daktari amtazame macho. Hakuna hasara.

Lakini dalili uliyoieleza wewe, ng'ombe kukaribia maji, kulamba na kurudi nyuma, sisi wa mifugo tunaijua kwa jina lingine: umeme unaovuja. Ng'ombe ana miguu minne kwenye zege lenye unyevu na mdomo uliolowa kwenye chuma. Mwili wake unapitisha umeme kirahisi kuliko wako uliyevaa viatu vya mpira. Volti 2 hadi 4 kati ya hori na sakafu zinatosha kumfanya asite kunywa, wakati wewe ukishika hori hilohilo husikii chochote. Akinywa kidogo, anatoa maziwa kidogo. Akikamuliwa juu ya sakafu yenye umeme, anashikilia maziwa, na kiwele kinaanza kuugua. Mnara unapounganishwa kwenye laini ileile inayokulisha wewe, au ethi yake inapozikwa karibu, au waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, umelegea mahali, umeme hurudi kwa kupitia ardhini na kupita chini ya banda lako.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Mwite fundi umeme mwenye multimita, yaani kile kipima volti, aiweke kwenye volti za AC. Ncha moja aiguse kwenye chuma cha hori au bomba la maji, palipokwanguliwa kutu. Nyingine aiguse kwenye sahani ya chuma iliyowekwa sakafuni mahali ng'ombe anapokanyaga, sakafu ikiwa imelowa, na mtu aikanyagie kwa uzito. Asome jenereta likiwaka na likizimwa, asubuhi na usiku, na wakati mnara uko kwenye umeme wa gridi. Chini ya volti 1 usihangaike. Ikipita 2, umepata kitu cha kumpelekea shirika la umeme na wenye mnara, kwa maandishi, pamoja na saa ulizopima. Tiba yake ya kawaida ni kufunga upya nyutro, kusogeza ethi, na kuunganisha vyuma vyote vya banda kwa waya mmoja ili mdomo na miguu vikae kwenye umeme sawa. Usijaribu kugusa ethi ya mnara wewe mwenyewe.

Wakati unasubiri fundi, weka ndoo ya plastiki kando ya hori, maji yaleyale. Ng'ombe akinywa kwenye ndoo na kukataa hori, umeshapata jibu kabla multimita haijafika.

Kuku nitawasema kwa kifupi. Taa za ulinzi za mnara zikiwa zinamulika banda usiku, kuku wanapata siku ndefu na wanataga vizuri mwanzoni. Taa hizo zikizimwa, au balbu ikifa, siku inawafupikia ghafla na utagaji unaporomoka, wengine wananyonyoka manyoya. Hiyo inafanana mno na ulivyoandika, kwamba walianza vizuri kisha wakashuka. Angalia manyoya sakafuni, na angalia kama taa imebadilishwa. Kabla ya hayo yote, hakikisha chanjo ya mdondo haijapitwa, maana mdondo nao huanza na mayai.

Ukitaka kuondoa wasiwasi wa mawimbi kabisa, hapa Tanzania Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ndiyo yenye vifaa na wajibu wa kupima mionzi ya minara ya simu. Waandikie uwaombe wapime bandani, palepale ng'ombe wanaposimama, na wakupe matokeo kwa wati kwa mita ya mraba, si neno "salama" peke yake. Ukiwa na tarakimu hiyo, ilinganishe na ile 4.5 niliyokutajia. Nitumie pamoja na kipimo cha hori. Nikiwa na vyote viwili naweza kukuambia uanze kugombana na nani.